Sitronela na Ngozi Yako (2): Tatizo la Chupa Iliyokaa

Katika toleo lililopita tuliyaacha majani ya sitronela kwenye pipa la kukenekea, mafuta yakielea juu ya maji. Sasa tuyafuate mafuta hayo mpaka kwenye ngozi.

Wapo wanaodhani sitronela ndiyo mchaichai. Ni ndugu tu, wote wa jenasi ya Cymbopogon. Harufu ya mchaichai wa chai hutokana zaidi na sitrali. Sitronela ya biashara ni ya aina mbili, ya Ceylon na ya Java, na watengenezaji wa sabuni na losheni hupendelea ya Java kwa kuwa ina sitronelali na jeranioli nyingi zaidi. Hizo ndizo zinazonukia, na ndizo zinazomkera mbu.

Lakini kitu kinachonukia ni kitu kinachoruka hewani, na kikisharuka hakipo tena kwenye ngozi. Mwaka 2002 watafiti Mark Fradin na Jonathan Day walichapisha majaribio yao ya dawa za kufukuza mbu katika jarida la tiba la New England: dawa yenye kemikali ya DEET ya asilimia 23.8 ilimkinga mtu kwa takriban saa tano, ilhali zile za sitronela hazikufikisha wastani wa dakika 20. Kwa hiyo mama anayempaka mwanawe losheni ya sitronela jioni asiache kushusha chandarua.

Kuhusu ngozi yenyewe, watu huuliza kama mafuta haya ni ya asili. Mimi ningependa waulize yana umri gani. Jeranioli ikikutana na oksijeni hubadilika polepole: sehemu yake huwa sitrali, nyingine huwa hidroperoksidi, na zote mbili huamsha mzio zaidi kuliko jeranioli yenyewe. Joto na mwanga huharakisha mabadiliko hayo. Chupa nyeupe iliyoanikwa juani kwenye meza ya muuzaji, imebaki nusu, kizibo kimelegea na mdomo unanata, ina mafuta tofauti na yale yaliyotoka kiwandani, hata kama hakuna aliyeyachakachua. Mzio ukishaingia mwilini haukuachi. Kila ukigusa tena kitu kilekile, hata ndani ya sabuni nyingine, ngozi huwasha, huwa nyekundu na kutoka vipele.

Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya inataka jeranioli, pamoja na sitroneloli ambayo nayo imo katika mafuta haya, zitajwe kwa majina kwenye lebo zikizidi asilimia 0.001 katika vipodozi vinavyobaki mwilini, na asilimia 0.01 katika vile vya kuoshwa. Ni kiasi kidogo sana, na naona ni sawa kabisa.

Anayetengeneza losheni mwenyewe nyumbani asiyapake mafuta ya sitronela yakiwa matupu. Ayachanganye na mafuta ya nazi au ya alizeti, na asilimia 1 inatosha: mililita 1, yaani kama matone 20, katika mililita 100. Usoni yasipakwe, wala kwa mtoto mchanga. Kabla ya kuyatumia mwili mzima, apake kidogo upande wa ndani wa kiwiko mara mbili kwa siku kwa wiki moja, pakiwasha, aache.

Mafuta yenyewe yakae kwenye chupa ya rangi nzito, ndogo, iliyojaa na kufungwa vizuri, mahali pa baridi. Na dukani, kabla ya bei, muulize muuzaji yalikenekwa lini. Asipojua, usinunue ya kupaka.