Kijana wa Makina na Gitaa Lake

Rafiki yangu wa Makina, Kibera, aliniita kwa kazi moja tu: nimkanye mwanawe. "Wewe ni mtu wa vitabu," aliniambia kwenye simu, "atakusikia. Mweleze kuwa chuo kikuu ni mahali pa kusomea udaktari, sheria, uhandisi. Nani aenda chuo kikuu kusomea gitaa?" Basi nikapanda matatu namba 8, na maneno yangu yote nimekwisha kuyapanga.

Makina, kwa wasiopajua, ndiko kwenye moyo wa Wanubi wa Nairobi. Babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan, wakakaa katika msitu walioupa jina la kibra kwa lugha yao. Ardhi hiyo waliidai miaka mingi, hata 2017 wakapewa hati ya eka 288. Ni watu wa dini, na arusi zao haziendi bila ngoma. Siku hiyo nyumba ya pili palikuwa na arusi, akina mama wakipiga doluka, na kabla sijakaa kitako nilikwisha kutiwa kwenye wimbo, mimi na kofia yangu.

Kijana akaja, akanipa mkono. "Assalaam aleikum, Ustadh." Gitaa alijifunza mwenyewe kwa kusikiliza. Mwaka jana alikwenda kupimwa katika chuo kikuu kimoja, akawekewa karatasi ya mistari mitano yenye vitone vyake. Hakuweza kuisoma. Akaomba apige anachokijua, akaambiwa muda umekwisha.

"Hawakunisikia, Ustadh. Waliona tu kwamba siwezi kusoma."

Nikamuuliza: ikiwa kupiga ajua, basi ataka kusomea nini? Jibu lake ndilo lililonivurugia hotuba. "Vidole vyangu najua vinakwenda wapi. Sijui kwa nini vinakwenda pale. Na kila siku vinarudi pale pale."

Akanichukua kwa mwenzake, Kawangware. Tulivuka Barabara ya Ngong, tukaenda hadi kituo cha 46, tukaingia chumba cha mabati ambamo kinanda cha umeme kimechukua nafasi kuliko kitanda. Mwenyeji wetu yuko mwaka wa tatu wa shahada ya muziki. Ni mpiga kinanda wa kanisani, na huko ndiko alikoanzia: mwimbaji huanza popote koo yake inapomtuma, na mpiga kinanda sharti amfuate huko huko, hana karatasi wala hana nafasi ya kuuliza.

"Mzee, watu wanadhani kubuni papo hapo ni kubahatisha," akaniambia. Akanionyesha kazi aliyopewa: kusikiliza kipande cha Charlie Parker, yule mpiga saksafoni wa Marekani aliyekufa 1955, na kukihifadhi sauti kwa sauti hadi aweze kukiimba kwa mdomo kabla hajakigusa kwenye kinanda. Nikacheka peke yangu. Hivyo ndivyo tulivyosomeshwa chuoni na mwalimu wetu, aya kwa aya, sikio kwanza na jicho baadaye. Sifananishi Kitabu na muziki, Mungu apishe mbali. Nasema njia ya kuhifadhi ni ile ile.

Kisha kuna ile bluzi ya vipimo 12. Ni mzunguko mmoja usiobadilika, wenye sauti tatu kuu za kuegemea, ambazo wapiga gitaa huziita kodi. (Si kodi ya nyumba, ingawa baba wa kijana aliniambia baadaye kwamba hiyo ya gitaa haijawahi kulipa hiyo nyingine.) Mwanafunzi aupige mzunguko huo kwa kuanzia kila moja ya sauti 12, na kila unaporudi atoe neno jipya bila kuvunja kipimo. Mshairi gani wa pwani asiyeitambua kazi hii? Aliyejibu shairi barazani papo kwa papo, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho mahali pake, amefanya mtihani huo huo.

Nami nikawasimulia taksimu ya udi. Marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki 2016, alikuwa bingwa wake. Mpigaji huingia katika rasti au bayati au hijazi, akakaa chini kwanza, akapanda kidogo kidogo, akazuru maqamu nyingine, kisha akarejea nyumbani. Hapana aliyemwandikia, lakini kila mwenye sikio barazani ajua akikosea. Hayo Zanzibar husomeshwa darasani, katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichofunguliwa 2002.

Kwa hiyo swali la baba lina jawabu. Marekani, chuo cha Texas ya Kaskazini kilianza kutoa shahada ya jazi 1947. Mulatu Astatke wa Ethiopia alikwenda kusoma Berklee, mjini Boston. Hapa Afrika, Darius Brubeck aliianzisha katika Chuo Kikuu cha Natal, Durban, katika miaka ya 1980. Sisi tulikuwa na jina kabla ya darasa: Dar es Salaam Jazz Band ni ya 1932.

Najua wako masheikh wetu wasioutaka muziki wa aina yoyote, na mlango huo sitaufungua hapa. Ila wale waliompima kijana nawalaumu. Kumdai kusoma ni haki, kwani asiyesoma hupotewa na mengi. Kumpima kwa jicho tu, katika fani ya sikio, ni kama kumpima mwogeleaji kwa mwandiko.

Wale wawili wamepatana. Kila Jumamosi mmoja afundisha mistari mitano, na mwingine alipa kwa midundo ya doluka. Mtihani ataurudia.

Nilirudi Makina baada ya magharibi, nikamweleza rafiki yangu kuwa kazi aliyonituma imenishinda. Akanyamaza kitambo, akanimiminia kahawa. Hakusema ndiyo, hakusema la. Aliniuliza tu nyuzi za gitaa zauzwa pesa ngapi.