Ujuzi haukai ndani ya sare: maisha ya rubani Tom Campbell Black



Kuko swali moja linalorudi kila mara tukikutana siye tuliomaliza chuo: ukisomea kazi fulani, halafu ile kazi ikaisha au isipatikane, ujuzi wako unaenda wapi? Mimi nina lisansi ya agronomia, lakini leo nitajibu kwa maisha ya mtu mwingine kabisa, rubani wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza. Jina lake ni Tom Campbell Black. Nimemchagua juu sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya hapa Afrika Mashariki, na juu maisha yake yana pande mbili. Siye mara nyingi tunaelezwa upande mmoja tu.

Kwanza, jeshi la majini na ndege wapi na wapi? Wakati wa vita ya 1914–1918, Uingereza ilikuwa na vikosi viwili vya ndege: kimoja cha jeshi la nchi kavu, kingine cha majini. Ndege za majini zililinda pwani, zilitafuta nyambizi, na zilielekeza mizinga ya meli. Eneo letu liliziona mapema. Mwaka 1915 meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha ndani ya delta ya mto Rufiji, Tanzania ya leo. Kutoka kwenye meli za Waingereza haikuonekana, kwa sababu ya miti na kona za mto. Ndege zikapaa juu yake, zikatoa ishara makombora yanaangukia wapi, na tarehe 11 Julai 1915 ikaisha. Mwaka uliofuata, Waingereza waliwaazima Wabelgiji ndege nne za kutua juu ya maji. Zililetwa huku Kongo mpaka ziwa Tanganyika, na marubani Wabelgiji wakazitumia kushambulia Kigoma.

Campbell Black hakuwa kati ya hao. Alizaliwa Brighton mwaka 1899, akaingia kikosi cha ndege cha majini akiwa bado kijana. Tarehe 1 Aprili 1918 vikosi vyote viwili viliunganishwa, likazaliwa jeshi moja la anga. Miezi michache nyuma, vita ikaisha. Fikirieni hali ile: vijana wengi, wamefundishwa kwa gharama kubwa, wanajua kurusha ndege, kusoma ramani na kutambua injini inayolalamika, na ghafla hakuna anayewahitaji. Hata kama tofauti ni nyingi, hiyo hali tunaijua.

Yeye alikwenda Kenya, akawa mkulima sehemu za Rongai, karibu na Nakuru. Ndiyo, wandugu, rubani alishika jembe. Miaka ikapita. Lakini alipoangalia nchi ile, aliona kitu ambacho mkulima asiyejua ndege asingekiona: miji iko mbali, barabara ni tope wakati wa mvua, barua na mgonjwa vinachukua siku nyingi njiani. Kumbe ujuzi wake wa zamani ulikuwa na kazi, ila si ile kazi aliyofundishiwa.

Mwaka 1929 kampuni ya Wilson Airways ilianza Nairobi. Mwenye kuianzisha alikuwa mjane mmoja, Florence Kerr Wilson. Alitoa pesa, Campbell Black akatoa ujuzi, akawa rubani mkuu. Walianza na ndege moja ndogo, Gipsy Moth, ya kubeba watu wawili tu, rubani akiwemo. Walibeba abiria, barua, na haraka za kila namna. Ile kampuni ilikufa wakati wa vita ya pili ya dunia, lakini jina lipo mpaka leo: uwanja wa ndege Wilson, Nairobi, ambapo ndege za madaktari wa AMREF zina makao yao.

Kuko mambo matatu katika maisha yake yanayostahili kukumbukwa.

La kwanza: mwaka 1931, Ernst Udet, rubani Mjerumani aliyeangusha ndege 62 wakati wa vita, alikwama kwenye vinamasi vya Nile huko Sudan. Aliyemtafuta mpaka akampata ni Campbell Black. Miaka kumi na mitatu nyuma walikuwa maadui.

La pili: alifundisha. Kati ya wanafunzi wake ni Beryl Markham, aliyekulia Kenya. Mwezi wa tisa 1936 Beryl alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, dhidi ya upepo. Alitua Kanada ndege ikiwa na pua ndani ya tope, naye mzima.

La tatu: mwezi wa kumi 1934, yeye na mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano ya ndege kutoka Uingereza mpaka Melbourne, Australia. Ni zaidi ya kilomita 18,000, na walitumia masaa 71. Karibu na Darwin injini moja iligoma. Walitua na injini iliyobaki, wakairekebisha, wakaendelea. Zawadi ilikuwa pauni 10,000.

Mwisho wake ulikuwa mfupi. Tarehe 19 Septemba 1936, majuma mawili nyuma ya safari ya Beryl, alikuwa chini kwenye uwanja wa Speke, Liverpool, anajitayarisha kupaa. Ndege ya jeshi iliyokuwa imetua tu ikamgonga. Alikuwa na miaka 36. Aliyeponea bahari na vinamasi alifia uwanjani.

Sasa tuje kwa zile pande mbili.

Upande tunaoelezwa kila siku ni huu: ujuzi hauna sare. Jeshi lilimfundisha kwa ajili ya vita, yeye akautumia kwa barua, kwa mafunzo, kwa kuokoa mtu. Hiyo ni kweli, na inatufaa.

Upande tusioelezwa ni huu: hakufanya peke yake. Nyanda za juu za Kenya, pale alipolima, serikali ya kikoloni ilizitenga kwa wazungu, na wenyeji wakasukumwa pembeni. Mafunzo yake ililipa serikali. Ndege ilitokana na pesa za Florence Wilson. Mwafrika wa Nakuru mwenye akili sawa na yake hakupewa hata nafasi ya kujaribu. Njo maana mtu akikuambia tu "jiajiri, wengine waliweza", muulize: waliweza na shamba la nani, na pesa ya nani?

Nikiangalia kwetu, naona hesabu ile ile. Walikale kuko sehemu inaitwa Kilambo, ambapo ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe, zinapakia kasiterite ya Bisie na kuileta Goma. Ndege haikuja kwa ajili ya mihogo, ndizi wala mawese. Sababu ni bei ya kilo moja. Kilo ya madini inalipa mafuta ya ndege na faida inabaki. Kilo ya mihogo haiwezi. Wilson Airways nayo ilifuata hesabu hiyo: barua ni nyepesi na ina thamani, gunia la mahindi lilibaki chini.

Kwa mwagronomi, hapo kuna somo la kweli. Mahali barabara ni mbaya, usianze na mazao mazito. Anza na kitu chenye thamani kubwa kwa kilo: mbegu safi ya maharagwe, kahawa iliyokaushwa vizuri, fromaji yetu ya Masisi ambayo inageuza lita nyingi za maziwa kuwa mzigo ambao motari anaweza kubeba mpaka Sake. Ujuzi wetu unaingia hapo, hata kama hakuna ofisi inayotuita "bwana agronome".

Lakini ule upande wa pili tusiusahau. Kampuni ya Nairobi ilihitaji aliyejua na aliyekuwa na pesa wakae meza moja. Siye tunao wanaojua, wengi tu. Hatuna Florence Wilson, lakini tuna likelemba, tuna koperative, tuna chama hiki chetu. Watu kumi wenye lisansi, kila mmoja na wazo lake mfukoni, ni watu kumi bila kazi. Watu hao kumi, wakiweka pesa pamoja kwa wazo moja, wana pa kuanzia.

Basi kila mmoja ajiulize mawili: ninajua nini ambacho mahali nilipo panakikosa? Na ni nani nitakaa naye meza moja? Mkutano ujao tuje na majibu.