Gurudumu Lililosahauliwa: Kwa Nini Ndege Ndogo za Majini Hupinduka Zinapotua



Kila tunapokaa na kamati za parokia za Musoma, Bunda na Butiama kuzungumzia huduma za afya visiwani, swali moja halikosekani: kwa nini tusiwaombe wafadhili watusaidie kupata ndege ndogo inayoweza kutua ziwani na pia nchi kavu? Swali hili ni la haki. Hapa Kitaji ziwa liko karibu nasi, na tunajua kwamba mgonjwa aliyeko kisiwa cha Rukuba hutegemea mtumbwi na hali ya hewa. Katika toleo hili tunaeleza namna ndege hizo zinavyopata ajali, na somo lililomo kwa sisi tunaosafiri majini.

Ndege yenye njia mbili za kutua

Ndege kutua ziwani si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1930, ndege kubwa za kampuni ya Imperial Airways zilitua juu ya maji huko Kisumu na Port Bell. Hizo zilitua majini tu. Ndege ndogo tunazozizungumzia ni tofauti. Chini yake zina vyelezo viwili vyenye umbo la mtumbwi, na ndani ya vyelezo hivyo kuna magurudumu yanayoshushwa na kupandishwa. Shirika la MAF lilitumia ndege ya namna hiyo, Cessna Caravan, nchini Bangladesh, nchi yenye mito mingi na viwanja vichache.

Kanuni yake ni fupi. Ukitua nchi kavu, magurudumu yawe chini. Ukitua majini, yawe juu. Rubani akisahau kuyashusha akatua kiwanjani, ndege huburuzwa kwa matumbo ya vyelezo. Hasara huwepo, lakini mara nyingi watu hutoka salama. Akisahau kuyapandisha akatua majini, mambo ni mengine kabisa. Magurudumu hukamatwa na maji, vyelezo husimama ghafla, pua ya ndege huzama na mkia hurushwa juu. Kufumba na kufumbua ndege imelala chali.

Kosa hili huweza kumpata hata rubani mzoefu. Aliyezoea ndege za kawaida hukumbuka daima kushusha magurudumu kabla ya kutua, na mazoea hayo hayo ndiyo yanayomponza majini. Aliyeruka kutoka kiwanjani asiyapandishe, kisha akaenda kutua ziwani baada ya dakika chache, naye yumo hatarini. Ndiyo maana marubani hufundishwa kusema kwa sauti kila safari: “Natua majini, magurudumu yako juu,” kisha kuyatazama kwa macho yao.

Hatari nyingine ni ziwa lililotulia kama kioo. Tungedhani huo ndio wakati mzuri, lakini maji yasiyo na mawimbi humnyima rubani alama ya kupimia urefu. Anaweza kudhani bado yuko juu, kumbe ameshafika. Kwetu tungeongeza nyavu, mitumbwi, magogo na magugu maji.

Wengi hawafi kwa kishindo

Jambo lililotugusa zaidi ni hili: katika ajali nyingi za namna hii, kishindo chenyewe hakiui. Abiria hujikuta ananing'inia kichwa chini katika mkanda, gizani, maji yakiingia, asijue mlango uko upande gani. Tarehe 29 Novemba 2009, karibu na kisiwa cha Saturna nchini Kanada, ndege ndogo ya maji yenye watu 8 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka. Watu 6 walikufa maji ndani yake. Wawili tu waliweza kutoka. Mwaka 2019 serikali ya Kanada ilitangaza kanuni za kuwataka abiria wa ndege ndogo za biashara za aina hiyo wavae jaketi okozi, na marubani wafunzwe kujiokoa kutoka katika ndege iliyozama.

Hapa kuna tofauti ya kukumbuka. Ndani ya ndege huvaliwa jaketi la kujazwa hewa, nalo hujazwa baada ya kutoka nje. Likijaa mapema humwinua mtu na kumbana ndani asiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Katika mtumbwi wa wazi, jaketi la kawaida linafaa na livaliwe tangu mwaloni.

Ziwa letu nalo limetufundisha. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikienda kutua Bukoba ilianguka ziwani karibu na kiwanja. Hiyo haikuwa ndege ya majini, lakini maji ni yale yale. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki na 24 waliokolewa. Wavuvi kwa mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Kisha Julai 2023, wilayani Bunda, waumini waliokuwa wakirudi kutoka ibadani walizama ziwani, na zaidi ya kumi walipoteza maisha.

Tunachoziomba kamati

Kwa sababu hiyo, kwa sasa hatuwaombi wafadhili ndege. Ndege huhitaji rubani mwenye mafunzo maalumu, fundi, na fedha za kuitunza kila mwaka. Tunaomba kwanza jaketi okozi za kutosha kwa safari za parokia, zikiwemo za watoto. Kamati nazo tunaziomba mambo matatu: abiria wahesabiwe kabla ya kuondoka, nahodha atamke kwa sauti hali ya hewa, mzigo na jaketi, kama rubani anavyotamka magurudumu, na asiyevaa jaketi asipande, awe mwanakwaya, awe mwenyekiti, awe padre.

Siku ndege ikipatikana, itakuta watu waliokwisha kuzoea kukagua kabla ya kuondoka. Hadi hapo, mtumbwi unaoondoka Mwigobero Jumapili hii nao unastahili uangalifu huo huo.