Somo la Afya: Vidole Vinavyokufa Ganzi kwa Baridi

 

Wako watu ambao, asubuhi ya baridi kama ile ya Njombe mwezi wa Julai, wakitia mikono katika maji ya mtungi, vidole hupauka ghafula na kufa ganzi. Baadaye huwa vya buluu. Vikipata joto huwa vyekundu, navyo huchoma kama sindano. Kwa mtu mweusi rangi hizi hazionekani upesi. Tazama kucha na upande wa ndani wa vidole.

Je, sababu yake ni nini? Si uchawi. Kila mtu akipata baridi, mishipa midogo ya damu vidoleni hujibana kidogo, ili joto libaki mwilini. Kwa watu hawa hujibana mno, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Damu haipiti. Hata hofu huweza kuleta hali hiyo. Daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, aliieleza mwaka 1862, nayo huitwa kwa jina lake.

Nani hupatwa zaidi? Wanawake kuliko wanaume, na wale ambao ndugu zao wanayo. Mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 30, nayo haina hatari kubwa.

Lakini wengine hupatwa kwa sababu nyingine:

1. Ugonjwa, kama ule unaofanya ngozi kuwa ngumu.
2. Mashine zinazotetemesha mikono. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwapima wachonga mawe wa Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za upepo. Wengi walikuwa na vidole vyeupe.
3. Tumbaku, kwa kuwa hubana mishipa.
4. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kipandauso. Usiziache kabla ya kumwuliza daktari.

Basi, ufanye nini? Vaa nguo za joto mwili mzima, si mikononi tu. Acha sigara. Vidole vikifa ganzi, vitie katika maji ya uvuguvugu. Usivisogeze motoni, maana utaungua bila kusikia.

Nenda hospitali upesi ikiwa una vidonda vidoleni, ikiwa ni mkono mmoja tu, au ikiwa hali hii imeanza baada ya miaka 30. Kidole kikikosa damu muda mrefu huweza kuoza.

Maswali: Kwa nini vidole hupauka? Kwa nini tusivikaushe motoni?