Kisigino au Vidole?

Ukitaka kujua namna mtu anavyoendesha pikipiki, mtazame kiatu cha kushoto. Ngozi ikiwa imechunika hapo juu ya vidole, huyo hupandisha gia kwa kuinua leva kwa ncha ya mguu. Kiatu kikiwa kizima, huenda anatumia kisigino. Ubishi wa ipi ni bora hauishi hapa shuleni, hasa tukitoka likizo, kwa hivyo nimeona niueleze.

Leva ya gia iko upande wa kushoto wa injini. Piki zingine zina mkono wa mbele peke yake. Nyingi za bodaboda, kama vile Bajaj Boxer, zina mikono miwili, na leva hucheza kama ubao wa pembea: ukikanyaga nyuma, mbele huinuka. Basi kukanyaga nyuma na kuinua mbele ni mamoja. Injini haijui umetumia kisigino au vidole!

Hatari iko kwenye mpangilio wa gia. Kuna piki ambazo gia ya kwanza iko chini, kisha nyutro (mafundi huiita fri), halafu ya pili, ya tatu na kuendelea ziko juu. Hapa kisigino hupandisha, vidole hushusha. Lakini kuna zingine ambazo gia zote huingia kwa kukanyaga mbele. Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1958, ni ya ukoo huo. Kisigino huko hushusha gia. Sasa fikiria umezoea ile aina ya kwanza, umeazima hii ya pili, uko mbio kwenye murram, ukakanyaga kisigino ukidhani unapandisha. Injini itapiga mayowe, gurudumu la nyuma lishikwe ghafla na kuteleza. Kwa hivyo muulize mwenye piki kwanza. Usione haya.

Mimi, kwa ile aina ya kwanza, napenda kisigino wakati wa mvua nimevaa gambuti, maana ncha yake nene haiingii vizuri chini ya leva. Tena uzito wa mguu husaidia gia kuingia kamili. Penye mashimo nageukia vidole: mguu haubanduki kwenye kikanyagio, hivyo sipepesuki. Kushusha gia nako hakuna uchaguzi, ni kwa vidole tu, kwa hivyo hata shabiki wa kisigino akiona matuta hurudi huko huko.

Wenye miguu mikubwa hulalamika kuwa mkono wa nyuma unawabana. Fundi anaweza kulegeza bolti, aichomoe leva na kuirudisha ikiwa imesogea jino moja. Ila usipumzishe kisigino juu yake safarini. Shimo moja tu linaweza kukuingizia gia usiyoitaka.