Sura ya Tano: Usukani Ndani ya Moto

Chombo chochote kiendacho hakigeuki ila kwa kusukuma kitu. Na kwa kuwa roketi huanza safari yake ikiwa imesimama wima bila mwendo, kisha ikapenya hewa nzito kwa kasi kubwa, na hatimaye ikatokea mahali pasipo hewa, wahandisi hawakuwa na budi kuitafutia usukani wa kila hali miongoni mwa hali hizo tatu.

Mapezi ya mkiani ndiyo njia nyepesi kufahamika: yakipindwa, upepo wa mwendo huyapiga upande mmoja, na mkia ukasukumika upande wa pili. Lakini kama vile usukani wa jahazi usivyofaa kitu jahazi likiwa limetulia majini, ndivyo mapezi yasivyo na nguvu roketi inapoanza kuinuka taratibu, ilhali huo ndio wakati ambapo ni rahisi mno kwake kuinama na kuanguka. Mmarekani Robert Goddard alikwisha kujaribu, mwaka 1932, kutia vibao katika mkondo wa moto wenyewe, ambao huvuma hata roketi ikiwa bado haijashika kasi, viongozwe na jairoskopu, yaani gurudumu lizungukalo kwa kasi na kuushikilia mhimili wake usipotoke. Wajerumani wa kituo cha makombora cha Peenemünde, ambao kombora lao la V-2 lilifaulu kuruka tarehe 3 Oktoba 1942, walitia vibao vinne vya grafiti motoni na vingine vinne kwenye mapezi. Moto uliila grafiti kidogo kidogo, wala hilo halikudhuru, maana injini ilizimwa baada ya kama dakika moja.

Vibao hivyo, hata hivyo, huzuia sehemu ya nguvu ya moto, na kwa sababu hiyo roketi nyingi zilizofuata ziligeuzwa kwa kuiinamisha injini yenyewe: katika Saturn V, injini nne za pembeni za sehemu ya kwanza ziliweza kuinama, na ya katikati ikakaa imara.

Njia kadhaa huweza pia kutumika katika roketi moja. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikichukua setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Sehemu yake ya kwanza iliongozwa kwa vibao vya motoni pamoja na ncha za mapezi. Ya pili na ya tatu, zilizofanya kazi juu ya hewa nzito, kwa mifoko ya haidrojeni peroksaidi. Na ya nne, isiyokuwa na usukani wowote, ilizungushwa tu ili ishike mwelekeo iliokwisha kupewa.

Basi msomaji atakapoiona roketi yoyote, na aulize kwanza: hapo ilipo, inasukuma nini? Akilipata jawabu, ameujua usukani wake.