Kompyuta ya mezani Terrat: ya kiwandani, ya mtumba au ya kuunga?

Katika maduka ya kompyuta ya katikati ya Arusha, kuanzia Mnara wa Saa kushuka Barabara ya Sokoine, mteja huanza kwa kuuliza, "Hii ni Core i ngapi?" Akiambiwa i7 macho yanamtoka, akiambiwa i3 anahamia meza ya jirani. Swali hilo limewatia wengi hasara. Prosesa ya Core i7-2600 iliyotoka 2011 inazidiwa kidogo na Core i3-8100 iliyotoka mwishoni mwa 2017, tena hiyo ya pili inakula umeme kidogo zaidi. Cha kusoma kwanza ni tarakimu inayofuata kistari: 2 ni kizazi cha pili, 8 ni cha nane. Muuzaji analijua hilo. Mnunuzi mara nyingi halijui, na humo ndimo faida ya duka inamojificha.

Kwa mkazi wa Terrat, kata iliyo kusini mwa Jiji la Arusha, kompyuta ya mezani ni mtaji kwanza, starehe baadaye. Steshenari ya kando ya barabara inaishi kwa kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB na ya kazi za Serikali, kusajili majina ya biashara BRELA, na tangu 2023 kuwaingiza wazabuni wadogo kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS. Kazi zote hizo zinataka kivinjari, Word na printa isiyogoma. Hakuna hata moja inayohitaji mashine ya mamilioni.

Njia za kuipata ni tatu. Mpya ya kiwandani, yenye jina la Dell, HP au Lenovo na waranti ya mwaka au zaidi, inaanzia karibu milioni moja na nusu pamoja na monita. Ya kuunga, yaani kasha, mazabodi, prosesa, RAM, SSD na pawa saplai vikinunuliwa kimoja kimoja, haipungui milioni moja kabla ya monita ukitaka vipya. Ya tatu ndiyo iliyolishika soko: mtumba wa ofisini. Hizi ni OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre zilizomaliza muda wake Ulaya au Marekani, nyingine zikapitia Dubai, zikashushwa bandari ya Dar es Salaam. Seti nzima na kibodi yake huuzwa laki mbili na nusu hadi laki tano, kutegemea kizazi. Wenzetu wa nchi tajiri huunga mashine ili kuokoa fedha. Hapa hoja hiyo haisimami, maana hakuna fundi atakayekuungia mashine mpya kwa laki tatu.

Mtumba huo hauletwi na meli peke yake. Arusha ni mji wa makampuni ya utalii, mashirika na taasisi za kikanda, na ofisi hizo nazo hubadilisha vifaa. Sheria ya kodi ya mapato inaweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali za uchakavu, kwa asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Chukua mashine iliyonunuliwa kwa 1,600,000. Baada ya mwaka mmoja vitabu vinasema 1,000,000, kisha 625,000, kisha 390,625, na mwaka wa nne unafungwa kwa takriban 244,000. Linganisha na bei ya mtaani. Mhasibu wa ofisi ya utalii anapoiandika mashine hiyo kuwa haina tena cha maana cha kukata kwenye kodi, mwenye steshenari anaona ndiyo kwanza imefikia bei yake.

Sasa limeingia jambo lililoivuruga hesabu hiyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, ukiacha chache za pekee. Ofisi za Ulaya na Marekani zimekuwa zikitupa nje mashine za kizazi cha sita na cha saba zisizo na ugonjwa wowote. OptiPlex 7050 na 7060 zimefanana kama pacha, ila ya kwanza ni ya kizazi cha saba na ya pili ni ya nane. Kwa HP, EliteDesk 800 G3 iko upande mmoja wa mstari na G4 iko upande wa pili. Mteja anayeongeza laki moja ili avuke mstari huo, kwa maoni yangu, ametumia vizuri fedha yake kuliko anayeiongeza apate i7 ya zamani. Ambaye hana laki hiyo aweke Linux. Kuchapa barua na kufungua tovuti ya HESLB hakuhitaji Windows.

Na Windows yenyewe ina bei ambayo wanaounga huisahau. Mashine nyingi za ofisini zilizotengenezwa tangu zama za Windows 8 zina leseni iliyofungwa ndani ya mazabodi. Ukisafisha diski na kuweka Windows upya, inajitambua. Ya kuunga haina kitu. Leseni halali ya Windows 11 Home kwa bei ya Microsoft ni dola 139, ambazo kwa shilingi 2,500 kwa dola ni kama 347,500. Leseni peke yake ni bei ya OptiPlex nzima. Ndiyo maana mashine nyingi za kuunga hutembea na Windows ya kukraki, na mwenye steshenari anayeshika vyeti na namba za NIDA za watu angefikiria mara mbili kabla ya kuikubali.

Hadi hapo mtumba unaongoza kwa mbali. Unapoanza kuyumba ni siku umeme unapokatika, ukarudi kwa kishindo.

Kifaa cha kwanza kufa ni pawa saplai. Ya kawaida, ile ya kiwango cha ATX, ina plagi ya pini 24 kwenye mazabodi, na fundi yeyote mjini anayo moja juu ya rafu. Dell waliiacha njia hiyo: katika OptiPlex 3020, 7020 na 9020, mashine za miaka ya 2013 na 2014, plagi ikawa ya pini 8. HP nao katika baadhi ya EliteDesk wakatumia pini 6. Katika makasha madogo, ambayo wanunuzi wetu huyapenda kwa kuwa hayachukui nafasi mezani, hata umbo la pawa saplai ni la peke yake. Ile ya OptiPlex 9020 ndogo ni ya wati 255 na huwezi kuchomeka ya kawaida mahali pake. Hapo fundi hutafuta OptiPlex nyingine iliyokufa ugonjwa tofauti, aichinje. Asipoipata, mashine ya laki tatu inakaa wiki mbili bila kazi katika msimu wa maombi ya mikopo, na mapato ya wiki hizo yanaweza kuzidi bei yake. Mashine ya kuunga ingefufuka siku ileile.

Kwa hiyo ningemwambia mnunuzi wa Terrat aulizie gharama ya kufufua kabla ya gharama ya kununua. Achukue kasha kubwa badala ya dogo. Humo ipo nafasi ya kuingiza pawa saplai ya kawaida kwa adapta inayolingana na plagi ya mazabodi. Fedha iliyobaki inunue UPS kabla ya kufikiria RAM ya ziada. Vumbi la upande huu mkavu wa jiji ni adui wa pili, na dawa yake ni brashi na blowa kila baada ya miezi michache. Adui wa tatu ni toyo: diski ya kuzunguka iliyobebwa mapajani juu ya mawe haifiki salama sikuzote. SSD haijali.

Wapo ambao kuunga kunawafaa kabisa. Anayehariri video za harusi, kanisa linalorusha ibada mubashara, studio ya muziki, mpiga picha wa safari anayerudi Serengeti na maelfu ya picha. Wengi wao wanahitaji kadi ya grafiki, nayo ndogo inayoingia kwenye mtumba, kama GTX 1650 fupi ya wati 75, ina mwisho wake. Wakiunga, watabadilisha kipande kimoja kimoja kadiri kazi inavyolipa. Ila wasome LUKU. Mtumba mdogo na monita yake hutumia kama wati 60. Kwa saa 10 na siku 26 ni uniti zisizofika 16, karibu shilingi 5,500 kwa bei ya takriban 350 kwa uniti. Mashine ya kuhariri inayovuta wati 300 inakula uniti 78, zaidi ya shilingi 27,000. Anayeiweka nyumbani kwenye mita ya D1, ile ya watumiaji wadogo, amevuka kikomo cha uniti 75 kwa kompyuta peke yake, kabla ya taa na pasi.

Vipande vyenyewe hutoka Kariakoo kwa basi, au Nairobi, ambako kwa barabara ni karibu kuliko Dar es Salaam: kama kilomita 270 kupitia Namanga, dhidi ya zaidi ya 600. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kompyuta ni asilimia sifuri. VAT ya asilimia 18 inabaki, na utaratibu rahisi wa mpakani kwa wafanyabiashara wadogo unahusu bidhaa zenye asili ya Jumuiya, kwa hiyo mazabodi ya China haijifichi humo. Nchi imetoka mbali: mwaka 1974 kuingiza kompyuta kulipigwa marufuku. Kampuni inayotaka kuingiza ununuzi wake vitabuni, hata hivyo, inataka risiti ya EFD, na vipande sita kutoka kwa watu sita huleta risiti sita, au tatu, au porojo.

Kilichobadilika karibuni zaidi ni RAM. Mwishoni mwa 2025 bei yake ilipaa duniani kote, kwa kuwa Samsung, SK Hynix na Micron walielekeza viwanda kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa iliyowauzia watu wa kawaida RAM na SSD. Anayeunga leo anaanza kwa kuulizia bei ya RAM, ndipo aangalie prosesa. Na anayenunua mtumba akikuta OptiPlex 7060 mbili, moja ina 8GB kwa laki nne na nusu na nyingine 16GB kwa laki tano, achukue ya pili. Kabla ya kulipa, kasha lifunguliwe palepale dukani, vipande vya RAM vihesabiwe mbele yake, na mashine iwashwe kuthibitisha kwamba inavisoma vyote.